Amevuta Dawa Gani?

Siku ya kuniaga nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani na kitenge. Saa nimeitundika sebuleni. Kitenge kilikaa kwenye kamba ya nguo zaidi ya wiki. Mvua ikinyesha nakiingiza barazani, jua likitoka nakirudisha, mpaka jirani akaniuliza kama nimekitoa msibani. Msinune. Kitenge ni kizuri na nitakivaa. Ila aliyekinunua alikihifadhi kwanza kwenye sanduku lenye vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende na nondo, na mimi kitu chenye harufu ile hakilali ndani kwangu. Najua mlikuwa mkiniita Mama Fungueni kwa ajili ya madirisha ya wodi. Hakuna aliyewahi kuniuliza sababu. Sasa nina muda, nitawaambia.

Habari za vyeo mtanisamehe. Nilipanda polepole kama wengine wote na hakuna cha kujifunza hapo.

Nilianzia idara ya wagonjwa wa nje, katika hospitali moja ya hapa Mwanza, nikiwa na gauni jeupe lililopigwa wanga hadi linasimama lenyewe. Nilikabidhiwa kwa tabibu aliyeitwa Mzee Magesa, Mjita mrefu mwenye sauti ndogo. Wagonjwa walimwita dokta na yeye aliwaacha, akisema kubishana na mgonjwa kunapandisha homa. Kifaa chake cha kusikilizia mapafu kilifungwa plasta sehemu mbili. Sindano zilikuwa za kioo, tunazichemsha asubuhi na kuzipanga kwenye trei, na ole wako uvunje moja. Lakini kifaa alichokitegemea zaidi serikali haikumpa. Mgonjwa wetu wa kwanza siku ile alikuwa mama wa makamo aliyekohoa tangu mlangoni. Nikachukua kalamu niandike.

"Weka kalamu chini, binti," Mzee Magesa akasema. "Nusa."

Nilidhani ananitania. Yeye akamwinamia yule mama kwa heshima, kama mtu anayetaka kunong'onezwa, kisha akamuuliza, "Mama, kuni kwenu zimeisha, eti? Mnapikia mavi ya ng'ombe?"

"Ndiyo, dokta. Kwetu miti imeisha kabisa."

"Na jiko liko ndani?"

"Ndani. Tena mlango nafungaga, kuku wasiingie."

Akampa dawa ya kikohozi, lakini muda mwingi aliutumia kuzungumzia mlango na kuku. Mama alipotoka, mzee akaniambia kwamba mapafu hayana mlango wa kufunga. Mtu anaweza kukataa kula, hawezi kukataa kuvuta pumzi. Nilirudi nyumbani siku ile nikinusa kila kitu, hata mto wangu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini maduka yalianza kujaa. Nyie hamkuijua foleni ya sabuni, kwa hiyo hamwezi kujua tulivyofurahi. Pale Mkuyuni, palipokuwa na meza za dagaa na nyanya, zikatokea meza za vitu ambavyo hatukuwa na majina yake: makopo ya kupuliza, vichupa vya kupaka kucha, vidude vya kunukisha choo, gundi, rangi za kila aina, na mitumba iliyotoka kwenye marobota ikinuka nchi za watu. Kwa kuwa hatukuwa na majina, tulitumia neno moja. Dawa. Dawa ya nywele, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya choo, dawa ya nguo. Kiswahili ni karimu sana hapo. Kinachomtibu mtoto na kinachomuua mende vinaitwa jina moja, na mtu akisikia "dawa" roho yake inatulia. Yangu ilianza kukosa utulivu.

Wakaanza kuja. Msusi aliyetokwa na machozi asubuhi hadi jioni. Mzee aliyefunga chumba, akapuliza dawa ya mbu, halafu akaingia kulala humo humo ili, alivyosema mwenyewe, dawa isipotee bure. Na akaja fundi wa fanicha kutoka Nyakato, jina lake Masanja, ambaye alionekana amekasirika kuliko kuugua.

"Dokta, mkojo wangu unanukia," alisema.

"Unanuka vipi?"

"Haunuki, dokta. Unanukia. Kama maua. Mke wangu anasema nina mwanamke ananipaka marashi."

Mimi niligeukia dirishani. Mzee Magesa hakucheka hata kidogo. "Vanishi unachanganyia nini?"

"Tapentaini."

"Karakana ina dirisha?"

"Lipo. Tumeliegemezea mbao."

Hapo ndipo nilipopata somo lililonilisha kazini miaka yote iliyobaki. Mzee alimwambia Masanja hivi: "Unachokimeza kinapitia kwanza kwenye ini, kama mgeni anavyopitia kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi anamkagua, anamuuliza amekuja kwa nani. Unachokivuta hakipiti huko. Kinaingia mapafuni, kutoka mapafuni kinaingia kwenye damu, kimeshafika moyoni na kichwani kabla balozi hajajua kwamba kuna mgeni. Ini linamkamata baadaye, wakati anazunguka mtaani na damu. Linambadilisha, linamkabidhi kwa figo, nazo zinamtoa nje. Kwako wewe ametoka na mkojo akiwa na harufu nyingine. Hayo maua yako ni tapentaini iliyobadilisha nguo."

"Kwa hiyo imetoka. Nimepona?"

"Ya jana imetoka. Leo umevuta nyingine."

Masanja alikubali kuhamisha mbao, lakini hakuondoka mpaka alipoandikiwa cheti cha kumwonyesha mkewe. Kikapigwa na mhuri. Sijui kama kuna ndoa nyingine hapa Mwanza iliyookolewa na ini.

Alipotoka nilimuuliza mzee kama balozi huyo humfanya kila mgeni kuwa mwema. Akafikiri huku akisugua ile plasta ya kifaa chake. "Hapana," akasema. "Wapo wanaoingia wapole, ini likishawabadilisha wanatoka na visu mkononi. Hao ndio wa kuogopa, binti, kwa sababu ini hapo limefanya kazi yake vizuri kabisa." Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa, na maneno yale hayakunisaidia. Nilianza kufungua madirisha. Nikasonya kwenye maduka. Mume wangu alinunua kopo la kunukisha nyumba siku ya sikukuu, nikalipeleka uani kama paka aliyekufa.

Baadaye nilihamishiwa wodi ya watoto, na Mzee Magesa akastaafu, akarudi kwao Majita. Nilikuwa nimeizoea wodi kiasi cha kutosha kudhani nimeizoea, ndipo alipokuja Veronika.

Alikuwa msichana bado, mwembamba, amevaa vitenge vizuri, na amebeba mtoto wa kiume wa wiki chache tu. Mumewe Shija, kibarua katika kiwanda kimoja cha kukamua mafuta ya pamba kule Nyakato, alikuja nyuma yake ameshika kofia. Nilimfunua mtoto. Macho yalikuwa ya njano. Midomo imepauka. Alikuwa anapumua haraka haraka, mbavu zinaingia ndani, na nepi yake ilikuwa na mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Niliwahi kuona watoto wengi wa njano, lakini mkojo ule ulinitia baridi.

"Amekunywa dawa gani?" nikauliza. Ndilo swali tulilofundishwa, maana kuna dawa za hospitali na mizizi ya nyumbani inayoweza kuvunja damu ya mtoto.

"Hakuna, sista. Ananyonya tu."

"Hata ya kienyeji?"

"Hakuna. Nimeapa." Halafu akashika mkono wangu. "Sista, ni kama yule wa kwanza. Mkojo huu huu. Alikufa hata hatujafika hapa."

Habari yenyewe aliitoa vipande vipande, Shija akitazama sakafu. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe, Bibi Minza, alikuja kutoka Bujora kumhudumia mkwewe, kama ilivyo desturi. Alimwogesha mjukuu kwa maji ya majani. Mtoto akawa wa njano, akafa. Mtaa ukasema ni yeye. Bibi Minza alikuwa mjane, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko wa miaka mingi. Nyie mliokulia huku mnajua macho mekundu ya mjane yalivyosomwa kwetu miaka ile, kama alama ya uchawi. Kuna bibi zetu waliokatwa mapanga kwa kosa la kupikia ndani. Shija alimrudisha mama yake Bujora, akamwambia asije tena. Na safari hii bibi hakuwa amekanyaga kwao kabisa, hajamwona mtoto, hajamgusa, lakini Veronika alikuwa na jibu. "Anaweza kutuma," alisema.

Nilikuwa nawaogopea watu wawili sasa, mtoto aliye kitandani na bibi aliye Bujora. Huyu wa kitandani akifa, yule wa Bujora asingefika mbali.

Malaria hakuwa nayo. Dokta wetu wa wodi, Dokta Neema, alimpima damu akasema imeshuka mno, mtoto anahitaji kuongezewa leo leo. Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Veronika mwenyewe alikuwa ametoka kujifungua na hakuwa na damu ya kugawa. Ndugu wengine walitakiwa kutoa, na miaka ile kutoa damu maana yake ilikuwa kupimwa ule ugonjwa. Niliwaona wanaume wenye vifua vipana wakikumbuka safari za ghafla. Shija alipimwa, nampa heshima yake kwa hilo, kundi lake likawa haliingiliani na la mtoto. Akavaa kofia akasema anakwenda kutafuta ndugu.

Nilikaa na yule mtoto nikihesabu pumzi zake, nikipoteza hesabu, nikianza upya. Nilikuwa nimekasirika na sikujua na nani. Nilipanguza kijasho puani mwake, nikamrudishia shali lake jeupe, la mtumba lakini safi sana, kwa sababu mama yake alitaka awe amefunikwa muda wote.

Mchana Shija alirudi na mama yake. Alikuwa ameishiwa ndugu.

Bibi Minza alikuja alivyokuwa, kanga ya shambani, miguu ina vumbi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama kitandani kwa mbali, hakusogea.

"Damu yangu inatosha, mayu?" akaniuliza. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na mimi nilikuwa sawa na binti yake.

"Lazima tukupime kwanza, bibi. Pamoja na ule ugonjwa."

"Pima. Mimi mume wangu amekufaga zamani. Nitaogopa nini?"

Maabara ikasema damu yake ni salama na inakubaliana. Niliileta chupa ya damu wodini nikiwa nimeikumbatia chini ya sweta ipate joto, bibi akinifuata nyuma kwa hatua ndogo. Veronika alipoona chupa, kisha akamwona aliyeko nyuma yangu, alisimama.

"Ni yake hiyo?"

"Ni ya bibi yake mtoto, ndiyo."

"Haiingii kwa mwanangu. Sista, nakuomba. Haiingii!" Na alipoona macho ya Bibi Minza yameelekea kitandani, aliinama akavuta shali akamfunika mtoto uso wote, asitazamwe.

Nilikuwa nimesimama katikati yao. Kulia kwangu alikuwa bibi, ananuka moshi na samli. Kushoto kwangu, shali lilipopepea, ikanijia dawa ya nguo. Ilikuwa kali, ya kukwaruza koo.

Mtaniuliza, sikuinusa tangu asubuhi? Niliinusa. Lakini kwetu nani aliyekwenda hospitali bila harufu ile? Nguo nzuri hutoka sandukuni siku ya kanisa, siku ya msiba na siku ya kumpeleka mtu hospitali. Wodi nzima ilinukia sanduku. Ilikuwa harufu ya mama anayejiheshimu, aliyejitayarisha, na tulipoisikia tuliwapokea vizuri zaidi. Hata gauni langu la kazi lilitunzwa na vidonge viwili. Ilibidi aingie mtu mmoja aliyetoka shambani bila kupitia sandukuni ndipo nitambue kwamba harufu haikuwa ya mama. Ilikuwa ya mtoto. Mtoto wa wiki chache, uso umefunikwa, anapumua humo haraka haraka kwa sababu ameishiwa damu.

"Mfunue," nikasema. Hakunisikia. Nikalivuta shali mwenyewe. "Veronika, nguo hizi zimetoka wapi?"

"Ni za marehemu kaka yake." Sauti ilimtoka kidogo sana. "Sikuweza kuzigawa. Nimezitunza vizuri, sista, kwenye sanduku la bati."

"Umezitunza na nini?"

"Na dawa."

Nilimtazama, na yeye akanitazama, na nadhani wote wawili tulilisikia neno lile kwa mara ya kwanza. "Uliniuliza amekunywa dawa gani," akasema. "Hii hanywi. Ni ya nguo."

Alikuwa sahihi. Swali letu lilikuwa bovu. Nilimwita Dokta Neema, akalishika shali, akalinusa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alisema kuna watoto, hasa wa kiume, wanaozaliwa na chembe nyekundu za damu zisizo na kinga kamili, na hawaonekani na tatizo lolote mpaka wakutane na kitu kama hiki. Alivyoendelea kueleza nilikuwa namsikia Mzee Magesa. Vile vidonge vinageuka hewa polepole. Mtoto anaivuta, na ngozi iliyopakwa mafuta inaifyonza pia. Inaingia ikiwa pole. Inafika kwenye ini, ini linaibadilisha kama kawaida yake, na kilichobadilishwa ndicho kinachopasua zile chembe. Rangi ya chembe zilizopasuka ndiyo unjano wa macho na ndiyo ile chai ya rangi kwenye nepi. Kwamba udhaifu ule mtoto wa kiume huupata kupitia kwa mama yake, Dokta Neema aliniambia pembeni, na tulikubaliana kwamba siku ile haikuwa siku ya kumwambia Veronika.

Tulimvua nguo zote. Nilimwogesha kwa maji ya uvuguvugu kuondoa mafuta, nikamfunga shuka la hospitali ambalo lilikuwa na matundu lakini halinuki kitu. Nguo zikatoka nje. Halafu nikamgeukia Veronika na chupa mkononi.

"Damu hii imepimwa. Huyu bibi hajamfanya kitu mwanao. Kilichomfanya tumeshakitoa nje. Sasa anahitaji hii, na anaihitaji kabla hatujamaliza kuongea."

Alimwangalia mkwewe kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko miaka yangu yote ya kazi. Kisha akatikisa kichwa kukubali. Kupata mshipa kwa mtoto asiye na damu ni kazi ya kuomba Mungu. Niliomba, na nikaupata kichwani.

Siku zilizofuata nilikuwa siishi. Nafika kazini nakwenda kwanza kwenye nepi kabla ya kusalimia watu. Chai ya rangi. Chai ya rangi. Chai iliyopunguzwa majani. Pumzi zikashuka. Macho yakaanza kurudi meupe kutoka pembeni. Dokta Neema alimwita Shija, akamweleza mbele ya mama yake nini kilichomdhuru mtoto na kwamba hakikutoka Bujora. Shija aliondoka siku hiyo hiyo kwenda kuwaambia majirani Nyakato, na nasikia alipita mlango kwa mlango akianzia kwa balozi. Waliniambia alikuwa anapiga kelele. Afadhali. Maneno yaliyomchafua mama yake nayo yalitembea mlango kwa mlango.

Kwa hiyo, wenzangu, mkimpokea mtoto wa njano msiishie kwenye "amekunywa dawa gani". Ulizeni amevuta dawa gani. Ulizeni nguo zilikuwa wapi, chumba kilipulizwa nini, nani anapaka rangi jirani. Ulizeni kwa upole, kwa sababu anayejibu huenda ndiye aliyeiweka, na aliiweka kwa mapenzi.

Hilo nililijifunza asubuhi nepi ilipotoka na mkojo mweupe kabisa. Niliinyanyua juu kama bendera, nikacheka. Bibi Minza alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya kitanda, mahali alipohamia bila kuomba ruhusa ya mtu. Veronika hakucheka. Aliiangalia ile nepi, akaangalia mikono yake.

"Sista," akasema, "na yule wa kwanza? Nguo zake nilizinunua nikiwa na mimba. Nazo niliziweka sandukuni."

Nilifungua mdomo. Uongo haukuja, na ukweli nilishindwa kumpa mama aliyekaa mbele yangu na mtoto kifuani. Ningeweza kusema hakuna anayejua, kwamba wakati ule hakuna aliyempima. Nilikuwa bado natafuta neno la kuanzia.

Bibi Minza alinitangulia. Hakuinua hata uso, alikuwa anakunja nepi.

"Yule wa kwanza mlishanitwika mimi," alisema. "Basi mwacheni huko huko. Nimeshamzoea. Wewe, mwanangu, mbebe huyu."

Veronika alishuka kitandani na mtoto wake, akaketi mkekani, akamlalia mkwewe begani. Alilia kwa sauti hadi mama wa kitanda cha jirani naye akaanza kulia bila kujua kisa. Nilikwenda nikafungua dirisha.